Mgeni Asiyebisha Hodi



Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa, wanafunzi hutayarisha mchezo wa kuonyesha mbele ya wazazi. Ukiwauliza wataka mchezo wa namna gani, wengi hujibu bila kusita: mchezo wa kutisha. Basi hutafutwa shetani. Hupakwa masizi usoni, hufungwa pembe, hufundishwa kunguruma. Siku ikifika, shetani huyo huruka jukwaani, na watoto wadogo waliokaa mbele hupiga kelele. Lakini tazameni vizuri: baada ya kitambo wanacheka. Wamekwisha kuitambua sauti ya kaka yao. Wakirudi nyumbani humwiga njiani, na usiku hulala usingizi mzuri sana.

Wazazi wengine hunung'unika kwamba michezo ya giza haiwafai watoto wa Wakristu. Wanafunzi nao husema kwamba mchezo usio na hofu hauna utamu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinashindana juu ya neno ambalo bado hazijalipima. Hofu, ndiyo; lakini hofu gani? Maana iko hofu inayomfanya mtu apige kelele, na iko hofu inayomfanya mtu ainuke kitini aende kumtazama mgonjwa wake. Juma hili twataka kuwasimulia habari za kikundi kimoja kidogo cha michezo, tena maskini, kilichoionyesha hofu hiyo ya pili pasipo pembe wala masizi.

Kijana mwenye miaka 18

Mwaka 1890, mjini Paris, kijana mmoja jina lake Paul Fort alianzisha kikundi ambacho muda mfupi baadaye kiliitwa Théâtre d'Art, yaani Jukwaa la Sanaa. Alikuwa na miaka 18 tu. Hakuwa na mali, wala nyumba yake mwenyewe ya michezo. Alikodi kumbi za wengine kwa usiku mmoja au mbili, kisha akafunga vitu vyake na kuondoka. Wachoraji vijana, kama Maurice Denis, Paul Sérusier, Pierre Bonnard na Édouard Vuillard, walimsaidia kupaka rangi mapazia na kuchora karatasi za kutangaza michezo.

Wakati huo katika mji huo huo palikuwa na jukwaa jingine dogo lenye sifa kubwa, lile la André Antoine, lililoanza mwaka 1887. Antoine, aliyekuwa kwanza karani wa kampuni ya gesi, alitaka kila kitu jukwaani kiwe kama kilivyo duniani. Katika mchezo mmoja wa mwaka 1888 uliohusu wauza nyama, alitundika nyama halisi mbele ya watu. Paul Fort na wenzake walifuata njia nyingine. Walisema moyoni mwao: nyama ya mchinjaji kila mtu aiona sokoni, sisi tuonyeshe yale ambayo macho hayayaoni, nayo yapo. Wakatafuta waandishi wapya wenye nia hiyo hiyo, na mmoja wao wakampata Ubelgiji.

Huyo ndiye Maurice Maeterlinck, aliyezaliwa Gent mwaka 1862, akasoma kwa Mapadri Wayezuiti wa mji huo, kisha akasomea sheria. Mwaka 1889 alitoa mchezo wake wa kwanza, nakala chache tu, akawagawia rafiki zake. Mwaka uliofuata mwandishi Octave Mirbeau aliusifu mno katika gazeti la Le Figaro, hata akathubutu kuulinganisha na kazi za Shakespeare. Tangu siku ile jina la kijana wa Gent likajulikana. Lakini kusifiwa gazetini ni jambo moja, na kuonyeshwa jukwaani ni jambo jingine. Nyumba kubwa za michezo hazikukimbilia maandishi ya namna hiyo. Aliyekuwa wa kwanza kuyapandisha jukwaani mjini Paris ni yule kijana asiye na nyumba.

Usiku wa babu kipofu

Mwezi wa Mei 1891 Théâtre d'Art ilitayarisha onyesho la kuwasaidia watu wawili waliokuwa na shida ya fedha: mshairi Verlaine na mchoraji Gauguin. Michezo ilikuwa mingi. Ule wa Maeterlinck, ulio mfupi, uliwekwa mwisho wa orodha, kama mtoto wa mwisho anayengoja makombo. Jina lake ni L'Intruse, maana yake, Mwanamke Aingiaye Bila Kualikwa. Katika Kifaransa neno la kifo ni la kike, na msikilizaji Mfaransa huelewa upesi mwanamke huyo ni nani. Sisi tungemwita Mgeni Asiyebisha Hodi.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyo. Ni usiku, katika nyumba ya shamba. Watu sita wamekaa kuizunguka taa: babu aliye kipofu, mkwewe, ndugu wa mkwewe, na wajukuu watatu wa kike. Katika chumba cha upande mmoja amelala binti wa babu, mama wa wasichana hao, aliyeumia katika kujifungua. Katika chumba cha upande wa pili yupo mtoto mchanga, ambaye tangu kuzaliwa hajalia hata mara moja. Waganga wamesema kwamba hatari imekwisha kupita. Kwa hiyo baba na nduguye wamestarehe. Wanaongea, wanamngoja dada yao mtawa, aliyeahidi kuja usiku ule.

Babu peke yake hana raha. Anawaambia wajukuu wachungulie dirishani. Ndege waliokuwa wakiimba bustanini wamenyamaza ghafula. Mabata wakubwa weupe wameogopa katika ziwa. Mbwa hakubweka. Baridi inaingia, na mlango wa kioo haukubali kufungwa. Wanasema seremala atautengeneza kesho. Nje yasikika sauti ya mundu mrefu unaonolewa. Wanasema ni mtunza bustani anayekata majani. Kila jambo lina maelezo yake, na kila elezo ni la akili. Ila babu anayajumlisha yote pamoja, na hesabu yake inamtisha.

Kisha zasikika nyayo ngazini. Wanamwita mtumishi wa nyumba. Anasema hakumwona mtu. Aliukuta mlango wa chini u wazi, akaufunga. Lakini babu anashikilia kwamba mtu ameingia na ameketi pamoja nao. Anauliza, Tuko wangapi mezani? Wanamjibu, Sita. Anawapapasa, anawataja mmoja mmoja. Wanamwambia kwa upole, kisha kwa uchovu, kwamba ni uzee, ni upofu, ni usiku. Taa inafifia, halafu inazimika. Wanakaa gizani. Saa inapiga usiku wa manane. Ndipo mtoto mchanga, yule asiyelia kamwe, anatoa kilio kikubwa. Mlango wa chumba cha mama unafunguliwa. Sista aliyekuwa akimwuguza anasimama mlangoni, amevaa nguo nyeusi, na bila kusema neno anafanya ishara ya Msalaba. Wote wanaelewa, wanaingia chumbani. Babu anabaki peke yake, anapapasa gizani, anawaita.

Mchezo umekwisha hapo. Hakuna aliyepigwa, hakuna damu, hakuna zimwi. Hata Kifo chenyewe hakikuonekana. Kilichohitajika ni meza, viti, taa, saa, na mlango mmoja usiofunguliwa mpaka mwisho. Na watazamaji waliokuwa wamekwisha kuchoka na michezo mingi ya siku ile waliguswa na huo wa mwisho kuliko yote.

Wasomaji wetu, ni nani kati yetu asiyekijua chumba kile? Ni familia gani ambayo haijapata kukaa nje ya mlango, ikingoja habari za mama aliyejifungua? Tena mara ngapi waliokaa walikuwa wakiongea mambo ya bei na ya safari, hali mzee mmoja, au mtoto mmoja, amenyamaza kwa sababu amesikia jambo ambalo wengine hawajalisikia? Hapa ndipo kisu cha mchezo huu kinapokata. Hautuambii kwamba kifo kipo, hilo twalijua. Watuambia kwamba katika nyumba ile alikuwako mtu aliyejua mapema, akasema, akarudia kusema, na hakusikilizwa kwa kuwa alikuwa dhaifu. Wenye macho waliitazama taa. Asiye na macho aliusikiliza mlango.

Hatusemi kwamba kila woga wa mzee ni unabii. Wala hatusemi mtu akisikia ndege akinyamaza aanze kutafuta mchawi. Katika mchezo huu hakuna mchawi hata mmoja, na hakuna anayeshtakiwa. Twasema neno dogo zaidi: katika saa zile zote, mtu yeyote angaliweza kuinuka, akafungua mlango, akakaa karibu na mgonjwa. Hatua zilikuwa chache. Labda asingaliokoka. Lakini asingalikufa nyuma ya mlango uliofungwa, wakati watu wake wakibishana juu ya sauti ya mundu.

Vipofu 12 na Padri wao

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo wa 1891, Paul Fort alionyesha mchezo wa pili wa Maeterlinck, Les Aveugles, yaani Vipofu. Jioni ile ilikuwa na vituko vyake. Katika mchezo mwingine, uliotokana na Wimbo Ulio Bora wa Biblia, walinyunyiza manukato ukumbini ili watu wasikie kwa pua pia. Vijana wana majaribio mengi, na si yote yanayodumu. Habari za manukato zilibaki kuwa kichekesho. Mchezo wa Vipofu ndio uliobaki kuwa mchezo.

Ni usiku katika msitu wa kale, kwenye kisiwa. Wanaume vipofu sita wameketi upande mmoja juu ya mawe na visiki. Wanawake vipofu sita upande mwingine. Wote watoka katika nyumba ya kutunzia vipofu, na Padri mzee amewaleta matembezini. Sasa wanamngoja arudi, maana wanadhani amekwenda mbali kidogo. Lakini watazamaji tangu mwanzo wanaona yale ambayo vipofu hawayaoni: Padri hakwenda popote. Ameketi katikati yao, ameegemea mti mkubwa wenye shimo, katika joho lake jeusi, naye amekwisha kufa.

Hebu fikirini uchungu wa kukaa ukumbini, ukijua neno hilo, na kuwasikia watu 12 wakiuliza, Atarudi lini? Hofu yote ya mchezo ni hiyo. Watazamaji wanataka kupaza sauti kuwaambia, nao hawawezi.

Na katika kungoja, vipofu wale wanaongea habari za Padri wao. Wanaume wanalalamika: amezeeka, siku hizi haoni vema hata yeye, anatupeleka mbali mno, tena husema na wanawake tu. Wanawake wanakumbuka mambo mengine. Aliwaambia kwamba anakwenda kutafuta mkate na maji kwa ajili ya yule mwenzao aliyerukwa na akili, mwenye mtoto mchanga. Msichana mmoja anakumbuka jinsi alivyomshika mikono, na jinsi mikono yake ilivyotetemeka. Wanawake wazee watatu hawasemi neno; wanasali tangu mwanzo hata mwisho. Saa ya nyumba yao inapiga mara 12, nao wanabishana kama ni adhuhuri au usiku wa manane. Majani makavu yanawadondokea, wanadhani wameguswa na mikono ya watu.

Mmoja anasema kwamba kisiwani kuna watu wenye macho, ndio walinzi wa mnara mkubwa wa taa unaoziongoza meli. Wenzake wanamjibu kwamba watu wale hawashuki kamwe kutoka mnara wao, na madirisha yao yanatazama baharini tu. Twawaomba wasomaji walishike neno hilo. Kuna watu wenye taa kubwa inayomulika mbali, na chini ya miguu yao kuna watu 12 wanaopotea.

Mwishowe mbwa wa nyumba yao anakuja. Wanafurahi, wakidhani msaada umefika. Mbwa anamvuta mmoja wao mpaka mahali pa Padri, na mtu yule anagusa uso uliopoa. Ndipo wanajua. Theluji inaanza kuanguka. Nyayo zasikika zikikaribia. Kati yao wote mwenye kuona ni mmoja tu, mtoto mchanga, ambaye hawezi kusema. Msichana anamwinua juu ili aone ni nani anayekuja. Mtoto analia. Nyayo zinasimama katikati yao. Wanauliza, hapana jibu. Wanaomba rehema, hapana jibu. Na mtoto anazidi kulia. Pazia.

Yaliyopungua na yaliyomo

Wala hatuwafichi jambo. Mwandishi huyu hakuishika imani aliyofundishwa na walimu wake wa Gent, na mwaka 1914 Kanisa liliyatia maandishi yake yote katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Orodha hiyo iliacha kuwa sheria mwaka 1966, na leo kila Mkristu hupima kwa dhamiri iliyofundishwa vizuri. Tukipima, twaona haraka lililopungua: katika michezo hii Kifo ndiye bwana wa nyumba, na baada yake hakuna nuru. Wanawake wale watatu wanasali, lakini mwandishi hawapi jibu. Sisi twajua kwamba Mwingine pia huja usiku bila kubisha hodi, kama Injili inavyotuonya, naye ni rafiki. Maeterlinck mwenyewe hakubaki gizani siku zote: mchezo wake wa L'Oiseau bleu, habari za watoto wawili wanaomtafuta ndege wa buluu, ulionyeshwa kwanza Moscow mwaka 1908, nao ni mchezo wa mwanga. Mwaka 1911 alipewa Tuzo ya Nobel ya uandishi, na mwaka 1949 akafa huko Nice.

Na kikundi cha Paul Fort? Hakikudumu hata miaka mitatu. Kabla hakijafa, mwaka 1892, kilionyesha pia Les Flaireurs, mchezo wa Charles Van Lerberghe aliyesoma shule moja na Maeterlinck. Ndani yake, usiku, mlango wa kibanda cha mama na binti yake unabishwa mara tatu: kwanza ni mtu aliyeleta maji, kisha aliyeleta sanda, kisha aliyeleta jeneza. Wanafunzi, angalieni: shule moja ya Gent ilitoa waandishi wawili wa namna hiyo. Halafu fedha zikaisha. Lakini mchezaji mmoja wa kikundi, Lugné-Poe, aliendeleza kazi. Mwaka 1893 alionyesha Pelléas et Mélisande ya Maeterlinck mara moja tu, pazia jepesi likiwa limetundikwa kati ya wachezaji na watu. Kati ya watazamaji alikuwako Claude Debussy, na mwaka 1902 akatoa mchezo ule ukiwa umekuwa wimbo mkubwa wa jukwaani, unaoimbwa hadi leo katika nchi nyingi. Hivyo mbegu iliyopandwa na maskini ilivunwa na wengi.

Basi tuwarudie wazazi na wanafunzi tuliowaacha wakishindana.

Ninyi wanafunzi, mkitaka kutisha, acheni masizi. Chukueni taa moja, mlango mmoja, na neno moja ambalo watazamaji walijua kabla ya wachezaji. Fundisheni wachezaji wenu kunyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kunguruma. Wala msimcheze mchawi, kwa maana katika vijiji vyetu watu wamekwisha kuteswa kwa jina hilo, nao wengi walikuwa wazee na watoto.

Ninyi wazazi, msikatae mchezo kwa kuwa una giza. Ulizeni kwanza: mtoto wangu akitoka hapa atafanya nini? Akitoka akimcheka mzee anayeongea peke yake usiku, mchezo ule ulikuwa mbaya, hata kama ulijaa malaika. Akitoka akaenda kumwuliza babu yake, Babu, unasikia nini?, mchezo ule ulikuwa mwema, hata kama taa ilizimika.

Na sisi sote tujiulize leo jioni, tutakapokaa kuizunguka taa. Katika nyumba hii kuna chumba gani ambacho hatujakifungua tangu asubuhi? Yupo nani kati yetu, aliyetuongoza siku zote, baba, mama, mwalimu, katekista, ambaye mikono yake imeanza kutetemeka, nasi twalalamika tu kwamba siku hizi anakwenda polepole? Tusingoje mbwa aje kutuonyesha. Yupo karibu, ameketi katikati yetu. Tunyoshe mkono tumguse wakati ungali na joto.